Kunguru na Nyumba ya Pazia

Mimi nina ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haijapatikana: nikimwona mtu, nampa jina. Mkuu wetu wa maktaba, anayepita kati ya meza kidole mdomoni, nilimwita Bwana Shii, na siku moja karani mpya nusura aliandike jina hilo kwenye barua. Mama anayetupikia chai, ambaye hajawahi kuonekana akitembea polepole, ni Chapuchapu. Mtoto wa kaka yangu alianza kuuliza maswali kabla meno hayajatimia kinywani, nikambatiza Kwanini. Leo ana miaka kumi na miwili na hata mwalimu wake anamwita hivyo darasani. Watu hucheka, wananiambia nina kipaji. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, lakini ulimi wangu umejikwaa tangu utotoni na bado unatembea pekupeku.

Hapa nataka kueleza habari za kaka yangu. Nilimkosea, na nikisubiri mwingine azieleze, hatatokea. Si mtu wa kuandikwa magazetini. Ni fundi wa vitabu katika maktaba hiihii ninayofanya kazi, mimi nikiwa mbele kwenye kona ya watoto, yeye nyuma kwenye chumba cha matengenezo. Kati yetu kuna rafu moja na ubao mwembamba usiofika juu, kwa hiyo mimi namsikia akipaka gundi na yeye ananisikia nikipayuka siku nzima.

Kazi yake ukiiona utaipenda. Kitabu kinakuja kimevunjika mgongo, kurasa zinaning'inia, kimelaliwa, kimekaliwa, kingine kimetafunwa na mtoto mchanga. Anakilaza kwenye meza, anakwangua gundi ya zamani kwa kisu butu, anashona mafungu ya kurasa kwa uzi uliopakwa nta, kisha anapaka gundi mpya, anakivisha kitambaa mgongoni na kukibana kwenye shinikizo mpaka kesho yake. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili visivyokunja, ngozi yake inang'aa kama karatasi ya picha. Sindano anaishika kwa mkono wa kulia na uzi anaubana kwa meno. Na kitabu akishakishona lazima akisome. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua, vitabu vya watoto vile. Akasema, "Siwezi kumshona mgongo mtu nisiyemjua."

Kila mtu anamwita Kunguru. Kunguru, gundi imefika. Kunguru, mkasi uko wapi? Muuza matunda wa pale getini anapaza sauti, "Kunguru, leo machungwa matamu!" na yeye anageuka, anainua mkono. Wageni hudhani ni kwa sababu ya ile aproni yake nyeusi, au kwa kuwa haachi pini wala kibanio sakafuni bila kukiokota. Wacha wadhani. Hapa maktaba anayejua jina lilikotoka ni yeye, na wa pili ni mimi.

Kabla ya vitabu, kaka alikuwa zimamoto. Miaka tisa. Kazi ile wanaingia wawiliwawili wakishika mpira mmoja wa maji, na sheria yao kubwa ni hii: filimbi ya nje ikilia mara tatu, unamgusa mwenzako bega, mnageuka, mnafuata mpira kutoka. Hamna mjadala. Kwenye moshi huoni hata kiganja chako, mpira ndiyo njia.

Miaka kumi na moja iliyopita, mchana kweupe, ghala la magodoro liliungua. Waliingia wawili, yeye na mwenzake. Akatoka mmoja.

Mimi nililetewa habari nusu. Jirani alikuja mbio akaniambia, "Kaka yako ameungua, yuko hospitali," basi. Sijui nilifikaje. Nakumbuka kwamba kwenye ngazi za hospitali nilikuwa na ndala mguu mmoja. Nikaingia wodini nikijua naenda kuonyeshwa shuka iliyofunikwa hadi kichwani, nikamkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji, uso mweusi kwa masizi, macho mawili mazima yananitazama. Jamani! Nililia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikamrukia shingoni na nikasema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia: "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake! Umerudi na bawa lako, kaka! Umerudi!"

Nilimaanisha asante Mungu. Nilimaanisha nilidhani nimebaki peke yangu duniani. Lakini sikusema hivyo, nilisema methali. Na kwenye kona ya chumba walikuwa wamesimama wazimamoto wawili, kofia mikononi, waliokuwa wametoka kumtambua mwenzao aliyekufa. Mimi sikuwaona. Hata huyo mwenzao kwamba amekufa nilikuwa sijaambiwa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile kicheko kilikuwa kwetu, na kicheko chenyewe kilikuwa changu.

Kaka aliwatazama wale wawili, akanipapasa mgongo kwa ule mkono mzima.

Wiki haikuisha, jina likawa kituoni. Kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa utani, kisha kwenye redio ya gari: "Kunguru, Kunguru, unasikia?" Alivumilia miaka miwili. Siku aliyorudisha sare alisema mkono unamsumbua. Mimi nikakimbia huku na huku nikamtafutia nafasi maktaba, na watu wakanisifu, dada mwema huyo, kaka yake kafungiwa mlango yeye kamfungulia dirisha. Nilizipokea sifa zote. Sikurudisha hata moja.

Basi. Hilo ndilo jina, na lilimfuata hadi maktaba. Sasa nije kwenye mchezo.

Kona yangu ya watoto ina vitabu vingi, lakini vinavyogombaniwa ni vya mifululizo miwili. Wa kwanza unaitwa Wachimba Mwanga: nchi ambayo jua limezama chini ya ardhi na watu wanashuka kwa kamba kwenda kulichimba vipandevipande. Wa pili ni Shule ya Mlango Mmoja. Shule hiyo ina mlango unaosema, na kila mwanafunzi mpya akifika mlango unamuuliza swali moja tu: "Umeacha nini nje?" Kwa jibu lake anapangiwa mojawapo ya nyumba nne. Kizingiti ni ya wale wasiobanduka pale walipowekwa. Taa ni ya wapenda kujua. Ufunguo ni ya wajanja, wanaopata njia pasipo na njia. Na Pazia, watoto wote watakuambia huku wamekunja pua, ni ya wanaojificha.

Nani alianzisha, sijui, lakini Jumamosi moja nikawakuta wanawachukua watu wa Wachimba Mwanga na kuwapangia nyumba za Shule ya Mlango Mmoja. Nikaupenda mchezo, nikauwekea utaratibu. Kila Jumamosi asubuhi mtoto mmoja anakuwa Mlango. Kaka alitutengenezea fremu ya mlango kwa kadibodi ngumu za majalada, anayeuliza anasimama ndani yake. Mtoto mwingine anamjibia mhusika, wengine wanabishana, na wakishindwa kukubaliana mimi ndiye hakimu. Halafu jina linaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, yenye safu nne. Bwana Shii alilalamikia kelele mwezi mzima, mpaka siku tulipomwomba amjibie yule mfalme kipofu wa kitabu cha kwanza. Aliongea dakika ishirini na kidole hakikugusa mdomo hata mara moja.

Jumamosi ninayoisema, zamu ilikuwa ya Mshika Kamba. Huyu si shujaa wa kitabu. Kazi yake ni kusimama njiani shimoni na kumshikia kamba mchimbaji. Katika kitabu cha nne shimo linaanza kuporomoka, baragumu la kuwaita watoke linalia juu, na Mshika Kamba anatoka na taa iliyojaa mwanga. Mchimbaji anabaki chini. Miji miwili inapata jua kwa taa ile, na Mshika Kamba hazungumzwi tena mpaka mwisho.

Watoto waliraruana. Mmoja, mwenye miwani mikubwa, ambaye bila shaka nimempa jina la Profesa, alisema Ufunguo, kwa kuwa alipata njia. Mwingine akasema Taa, kwa sababu ya taa. Kwanini alikuwa amekaa mbele kabisa, magoti kifuani. Akasema, "Kizingiti. Alikaa mahali pake mpaka baragumu lilipolia."

"Lakini alimwacha mwenzake!" Profesa akapiga kelele. "Shangazi, amua!"

Ilikuwa saa tano na nusu, tumbo linanguruma, Bwana Shii ananikonyeza kutoka dirisha la ofisi. Nikapiga makofi, nikatamka hukumu kwa madaha yangu yote.

"Haya, nyamazeni! Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, wanangu. Mshika Kamba ni Pazia. Andika!"

Ulimi uleule, jiwe lilelile. Neno lilipotoka nililisikia kwa masikio yangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kisha mtoto mmoja kutoka nyuma, bila ubaya wowote, akaropoka: "Ahaa! Kumbe ndiyo maana yule fundi anaitwa Kunguru!"

Wakacheka. Watoto ishirini, cheko la Jumamosi. Nyuma ya ubao brashi ya gundi ilikuwa inapaka, shwa, shwa, na ikaacha.

Kwanini hakucheka. Alinitazama mimi. Alikuwa anasubiri niseme, "Shika adabu, huyo ni kaka yangu, hamjui kitu nyie." Maneno yalikuwa mengi, na mimi siku zote nina maneno ya kugawa. Nikasema, "Haya, mkarudishe vitabu kwenye rafu."

Tulirudi nyumbani watatu, kama kila Jumamosi, maana nyumba zetu zimepakana. Kaka alikuwa amebeba mfuko wa mboga, mtoto yuko katikati, mimi nusu hatua nyuma. Tulipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kwanini akauliza.

"Baba, kwa nini wanakuita Kunguru?"

"Watu tu, mama. Watu wanapenda kuita."

"Nani alianza?"

Kaka alihamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Zamani sana. Nani anakumbuka?"

Mimi nilikuwa nakumbuka. Nakumbuka hadi rangi ya shuka. Nikainama nikajifanya naondoa kijiwe kwenye kiatu.

"Ni kwa sababu ulikimbia moto?"

"Nilitoka."

"Kutoka na kukimbia si kitu kimoja?"

Tulipofika getini, mtoto aliingia ndani mbele yake bila kumpokea ule mfuko, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Sasa, ijue na hii: Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwake. Kila mzazi anasimama mbele ya darasa anaeleza kazi aliyoifanya maishani. Kwanini alikuwa amemwandikisha baba yake tangu mwezi uliopita, na alimtaka aje na ile kofia yake ya zimamoto iliyoko juu ya kabati. Kaka alishaifuta vumbi. Jumatatu asubuhi wifi yangu akanipigia simu.

"Wifi, hebu niambie, hawa wawili kumetokea nini? Baba mtu kapiga pasi shati Jumapili nzima, kola peke yake kaipitia mara tatu. Leo kwenye chai mtoto anamwambia, baba usije, atakuja mama. Na yeye anajibu haya. Haya tu! Nimemuuliza mtoto, kanyamaza. Kwanini, kanyamaza, unaweza kuamini?"

Nikasema sijui. Ndivyo nilivyomjibu wifi yangu, sijui, na sauti yangu haikutetemeka.

Wiki ile sikulala vizuri. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejipa moyo kwamba jina ni jina, mtu analizoea kama kovu. Kumbe nilikuwa namdanganya nani? Nilimvua sare, nikamtoa kituoni, na sasa nilikuwa namnyang'anya mtoto wake. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemwona mkubwa, na mimi ndiye niliyempunguza machoni pake, tena kwa mzaha, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Ijumaa alikuja kazini na lile shati. Jeupe, kola imesimama. Bwana Shii akamwona mlangoni: "Kunguru, leo umependeza! Una harusi?" Kaka akatabasamu, akachukua aproni yake nyeusi na kuivaa juu ya shati, akafunga kamba.

Nikamfuata kwenye chumba chake. Nilikuwa nimejiandaa, nimeyapanga maneno tangu bafuni.

"Kaka."

"Naam."

"Lile neno. La hospitali."

"Nishikie hapa," akasema, akanipa ncha ya uzi.

"Kaka, mimi nataka mtoto ajue kuwa..."

"Usiulegeze. Vuta kidogo. Ehe."

Nikavuta. Alishona mafungu matatu, bila haraka, sindano inaingia na kutoka, halafu akaukata uzi kwa meno. "Gundi inakauka," akasema. "Nenda, mbele kuna watu." Nami nikaenda. Na nikwambie ukweli wenye aibu: nilipotoka mle ndani nilihema kwa raha. Aliniachia mlango wazi na mimi nikapita mbio.

Jumamosi Kwanini alichelewa. Alinisalimia, "Shikamoo shangazi," nikaitika marahaba, akapita. Ilikuwa zamu yake ya kuwa Mlango. Akaingia kwenye fremu, akaishika pande zote mbili. Profesa alikuwa na orodha ya wahusika mkononi.

"Leo sitaki watu wa kitabuni," Kwanini akasema. "Leo nataka watu wa kweli."

"Hairuhusiwi," Profesa akasema.

"Nani kasema? Shangazi, njoo."

Watoto wakafurahi, wakapiga makofi, shangazi, shangazi! Nikasimama mbele yake kando ya meza yangu, mikono kiunoni.

"Umeacha nini nje?" akauliza.

"Mwavuli," nikasema.

Wakaangua kicheko. Mimi ni fundi wa kuchekesha, hilo halina ubishi. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa na macho ya baba yake yaleyale ya wodini, mawili, mazima, yananitazama.

"Mlango hauulizi mara mbili, shangazi," akasema.

Nikatazama ubao. Nyuma yake brashi ilikuwa inapaka, shwa, shwa. Nikajua nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka kaburini, na huyu mtoto atakua akimwonea haya baba yake kwa kosa langu.

"Nimeacha nje ukweli," nikasema. "Jina la Kunguru nilianza mimi."

Kicheko kilikatika.

"Baba yako hakukimbia. Filimbi ililia akatoka, ndivyo walivyofundishwa. Nilimkuta hospitali mzima, nikafurahi mpaka nikapagawa, nikatoa ile methali kwa sauti. Wenzake wakaisikia. Wao ndio walioieneza, lakini mwenye kuitoa ni mimi. Aliacha kazi kwa sababu ya jina hilo. Na hajawahi kunitaja. Si kwao, si kwa mama yako, si kwako."

"Juzi njiani ulikuwepo," Kwanini akasema.

"Nilikuwepo."

"Nilimuuliza nani alianza. Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na Mshika Kamba ukamfanya Pazia."

"Nikamfanya."

Alifikiri. "Basi na wewe Pazia," akasema, akatoka kwenye fremu, akaenda kwenye ile karatasi ya ukutani, akaandika kwenye safu ya mwisho, kwa wino: Shangazi.

Hakuna aliyecheka. Machozi yalinitoka, mimi mzee mzima, mbele ya watoto ishirini ambao kila mmoja nimempa jina. Sikuwa na leso. Nilitafuta pa kugeukia, ikawa ukuta huku, meza kule.

Ndipo kaka akatoka nyuma ya rafu. Aproni imemkaa, brashi bado mkononi, gundi inadondoka sakafuni, yeye ambaye hawezi kuona doa. Akaja akasimama mbele ya meza yangu, kati yangu na watoto.

"Mimi sijaulizwa," akasema.

Kwanini akarudi kwenye fremu. Kalamu aliisahau mkononi. "Baba, umeacha nini nje?"

"Nje sikuacha kitu," akasema. "Niliacha ndani."

Akawaeleza. Kwa maneno machache, maana yeye hana mengi. Kwamba filimbi ililia mara tatu. Kwamba alimgusa mwenzake bega, na mwenzake akamgusa yeye, kumaanisha amesikia. Kwamba akafuata mpira akimsikia anakuja nyuma yake, au akidhani anamsikia, kwenye moshi huwezi kujua. Alipofika nje akageuka kumcheka, kwa sababu siku zote walikuwa wanachekana nyuso zilivyojaa masizi, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Akarudi mlangoni, ndipo alipoungua mkono, wenzake wakamvuta. Mimi hilo la mkono nilikuwa silijui. Miaka kumi na moja, na sikuwahi kumuuliza mkono uliungua akiingia au akitoka.

"Kizingiti," Kwanini akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Baba, nakuandika Kizingiti. Na Mshika Kamba namhamisha."

"Mshika Kamba mhamishe. Kizingiti mwandike mwenzangu," kaka akasema. "Yeye ndiye aliyebaki. Mimi niandike Pazia."

"Hapana! Pazia ni ya waoga!"

"Nani kasema?"

Watoto wote wakainua shingo kunitafuta mimi niliyesema.

"Kitabu cha tatu cha Shule ya Mlango Mmoja mnakikimbiza," kaka akawaambia. "Mimi nimekishona mara nne. Kasomeni vizuri. Pazia halijifichi lenyewe, mama. Linamficha aliye nyuma yake."

Kwanini alimtazama baba yake muda mrefu. Kisha akasogea pembeni kidogo, akachungulia kumwona aliye nyuma ya ile aproni nyeusi, uso umelowa, anajifuta kwa kiganja. Tukaonana. Akageuka ukutani, na chini ya jina langu akaandika: Baba.